Yuri Gagarin: Rubani Aliyechaguliwa Kwenda wa Kwanza

1. Mtoto wa seremala

Yuri Gagarin alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 katika kijiji cha Klushino, nchini Urusi. Wakati huo Urusi ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, dola kubwa iliyovunjika mwaka 1991. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alikamua ng'ombe katika shamba la ushirika la kijiji. Watoto walikuwa wanne, na Yuri alikuwa wa tatu.

Mwaka 1941 Yuri alianza shule. Mwaka huo huo vita vilifika kijijini. Askari wa Ujerumani waliiteka Klushino. Shule ilifungwa. Familia ya Gagarin ilifukuzwa katika nyumba yake. Baba alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaliezeka kwa miti na udongo. Familia iliishi humo kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, pamoja na baridi na njaa. Kaka yake mkubwa na dada yake walichukuliwa kwenda Ujerumani kufanya kazi za kulazimishwa. Wote wawili walirudi nyumbani vita vilipokwisha.

Kijiji kilikombolewa mwaka 1943, na shule ikafunguliwa tena. Lakini vitabu havikuwapo, wala karatasi. Watoto walijifunza kusoma kwa kutumia kitabu cha maagizo ya askari wa miguu. Walijifunza kuhesabu kwa maganda ya risasi. Hivyo ndivyo Yuri alivyopata kisomo chake cha kwanza.

Wakati wa vita watoto wa kijiji waliona ndege zikipigana angani. Ndege moja ya Kisovieti iliharibika, ikatua karibu na kijiji. Watoto walikimbia kuwaona marubani. Tangu siku hizo Yuri alipenda ndege.

2. Mfanyakazi anayesoma jioni

Baada ya vita familia ilihamia mji mdogo wa Gzhatsk. Maisha yalikuwa magumu. Yuri alipofika miaka 15 aliondoka nyumbani kwenda kutafuta ufundi. Alikwenda Lyubertsy, karibu na mji mkuu wa Moscow. Huko alijifunza kazi ya kusubu chuma, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu ili kupata vyombo mbalimbali.

Kazi hiyo ina moto mwingi na vumbi jingi. Mchana alikuwa kiwandani. Jioni alikwenda katika shule ya vijana wafanyakazi, akamaliza darasa la saba mwaka 1951. Wengi wa wenzake katika darasa hilo walikuwa watu waliokwisha choka kwa kazi ya mchana kutwa. Yuri hakuona haya kusoma jioni. Alijua kwamba bila cheti cha darasa la saba asingeweza kwenda mbele.

Kisha alipelekwa katika chuo cha ufundi mjini Saratov, kando ya mto Volga. Akiwa huko, mwaka 1954, alijiunga na klabu ya kurusha ndege. Alisoma ufundi kwa upande mmoja, na urubani kwa upande wa pili. Mwaka 1955 alirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Mwaka huo alimaliza chuo cha ufundi kwa alama nzuri sana. Sasa njia mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kurudi kiwandani akiwa fundi. Angeweza pia kuingia jeshini awe rubani. Alichagua jeshi.

3. Alama za rubani

Yuri aliingia chuo cha marubani wa kijeshi katika mji wa Orenburg mwishoni mwa mwaka 1955. Inafaa tueleze hapa jinsi mwanafunzi wa urubani anavyopimwa, kwa kuwa jambo hili ndilo lililoongoza maisha yake yote.

Mwanafunzi hupimwa darasani. Hufundishwa hesabu, ramani, hali ya hewa, na jinsi injini inavyofanya kazi. Hupimwa pia angani. Mwalimu hukaa pamoja naye ndani ya ndege. Huangalia jinsi anavyopaa, anavyogeuka na anavyotua. Tatu, hupimwa tabia: nidhamu, usafi, utulivu wakati wa hatari, na jinsi anavyoishi na wenzake.

Katika shule za Urusi alama ya juu ni 5. Mwisho wa masomo ya urubani alama zote hutazamwa pamoja, na kila mwanafunzi hupewa daraja. Daraja hilo ni zaidi ya sifa ya kujivunia. Hufuatana na mtu mpaka kazini. Katika majeshi mengi wale walio juu husikilizwa kwanza wanapotaja ndege na kituo wanachokitaka. Walio chini hupokea kilichobaki. Walioshindwa kabisa hurudi nyumbani, au hupewa kazi nyingine ya jeshi.

Kwa hiyo kila mwanafunzi hujua kwamba kosa dogo laweza kumbadilishia maisha.

Yuri alifanya vizuri darasani. Alipaa vizuri na kugeuka vizuri. Taabu yake ilikuwa kutua. Ndege ilipokaribia ardhi hakuiweka sawa. Alijaribu mara nyingi bila kufaulu. Ikafika hatua ya kufikiriwa kuondolewa chuoni.

Husimuliwa kwamba wakubwa wa chuo walimtazama kwa makini kabla ya kumfukuza, wakagundua kisa chake. Yuri alikuwa mtu mfupi. Akiwa amekaa katika kiti cha rubani hakuiona ardhi sawasawa. Aliwekewa mto juu ya kiti. Tangu siku hiyo alitua vizuri.

Ndugu msomaji, hapa pana jambo la kufikiri. Alama mbaya husema kwamba mtu ameshindwa. Haisemi ameshindwa kwa sababu gani. Kama wakubwa wale wangetazama alama peke yake, wangempoteza rubani hodari kwa kukosa mto mmoja.

4. Kuchagua kituo

Mwaka 1957 Yuri alimaliza chuo katika daraja la kwanza. Akawa luteni. Mwaka huo huo alimwoa Valentina, msichana wa Orenburg.

Kwa kuwa alikuwa daraja la kwanza, Yuri aliweza kuchagua. Angeweza kubaki chuoni awe mwalimu, akae mjini karibu na jamaa za mkewe. Yeye aliomba kwenda kaskazini ya mbali, mahali paitwapo Luostari, karibu na mpaka wa Norway. Huko theluji ni nyingi. Katika majira ya baridi jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Rubani huruka gizani na katika ukungu. Vijana wengi hawakupataka mahali hapo.

Yuri alitaka kujifunza kazi ngumu angali kijana. Valentina alimfuata baadaye, na mwaka 1959 wakapata mtoto wao wa kwanza wa kike.

Uchaguzi huo ulikuwa na hatari yake. Rubani kijana katika nchi ya baridi kali anaweza kufa mapema. Lakini huko kaskazini ndiko alikofuatwa na bahati kubwa.

5. Kutoka maelfu hadi 20, kutoka 20 hadi 6

Mwaka 1957 Muungano wa Kisovieti ulikuwa umerusha chombo cha kwanza kuizunguka dunia. Hakikuwa na mtu ndani. Wataalamu sasa walitaka kumpeleka mtu. Marekani nayo ilitaka kufanya hivyo. Kila upande ulitaka uwe wa kwanza.

Mwaka 1959 madaktari wa jeshi walikwenda katika vikosi vya marubani. Walisoma habari za marubani zaidi ya 3,000. Walitafuta vijana wenye afya, wasio warefu wala wazito, kwa kuwa nafasi ndani ya chombo ilikuwa ndogo. Ufupi uliokaribia kumfukuzisha Yuri chuoni sasa ukawa faida kwake. Wachache kati ya hao waliitwa hospitalini Moscow kupimwa. Mwaka 1960 walipatikana 20. Yuri alikuwa mmoja wao.

Mazoezi yalikuwa makali. Walizungushwa kwa kasi katika mashine mpaka miili yao ikawa mizito mara nyingi kuliko kawaida. Waliwekwa katika chumba cha joto kali. Walifungiwa peke yao kwa siku nyingi katika chumba kisichosikika sauti yoyote. Waliruka kutoka ndegeni kwa miavuli.

Mashine ya kujifunzia kuendesha chombo ilikuwa moja tu. Watu 20 hawakuweza kuitumia kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo walichaguliwa sita wafundishwe kwanza. Hata hao sita walibadilika. Mmoja alionekana na alama za damu chini ya ngozi baada ya kuzungushwa katika mashine, akaondolewa. Mwingine aliumia shingo alipojitupa majini kuogelea, naye akaondolewa. Wengine wawili waliingia mahali pao.

Mwezi Januari 1961 wale sita walifanya mtihani mbele ya kamati. Kila mmoja alikaa katika mashine na kueleza kila kifaa na kila hatua ya safari. Mwisho kamati iliwapanga. Wa kwanza alikuwa Yuri Gagarin. Wa pili alikuwa Gherman Titov. Wa tatu alikuwa Grigori Nelyubov. Waliofuata walikuwa Andriyan Nikolayev, Valery Bykovsky na Pavel Popovich.

6. Wa kwanza au wa pili?

Mpango huo haukumaliza shauri. Kiti kilikuwa kimoja, na watu waliokitaka walikuwa hodari wote. Gagarin na Titov walikaribiana sana.

Jenerali Nikolai Kamanin ndiye aliyewasimamia. Aliandika mambo yake kila siku katika daftari, na maandishi hayo yalichapwa baada ya miaka mingi. Yanaonyesha kwamba alipata taabu kuamua. Aliona kwamba Titov ana moyo mgumu zaidi. Lakini safari ya kwanza ilikuwa ya mzunguko mmoja tu. Safari ya pili ilipangwa kuwa ya siku nzima, na ilihitaji mtu mwenye nguvu zaidi. Kwa hiyo Titov aliwekwa kwa ajili ya kazi ndefu.

Mambo mengine yalimsaidia Gagarin. Wanaanga waliulizwa ni nani kati yao anayefaa kwenda wa kwanza. Wengi walimtaja yeye. Alipendwa kwa ucheshi wake, kwa utulivu wake, na kwa kutowadharau wenzake. Husimuliwa pia kwamba siku walipoonyeshwa chombo kiwandani kwa mara ya kwanza, Gagarin alivua viatu kabla ya kuingia ndani. Mhandisi mkuu, Sergei Korolev, aliliona jambo hilo, likampendeza. Aidha, viongozi walijua kwamba mtu huyo atatazamwa na dunia nzima. Mtoto wa mkulima, aliyekuwa msubu chuma, aliwafaa.

Siku chache kabla ya safari uamuzi ulitolewa. Gagarin ataruka. Titov atakuwa wa akiba. Titov aliumia moyoni, kama ambavyo mtu yeyote angeumia. Hata hivyo hakuacha kazi. Asubuhi ya safari alivaa nguo zote za angani, akapanda basi pamoja na Gagarin mpaka kwenye roketi. Kama Gagarin angepatwa na jambo lolote, Titov angeingia mahali pake. Alivua nguo hizo ilipokuwa hakika kwamba hahitajiwi.

7. Dakika 108

Ilikuwa tarehe 12 Aprili 1961. Mahali palikuwa Baikonur, katika nchi ya Kazakhstan. Saa za Moscow zilikuwa sawa na saa za Afrika Mashariki. Saa 3 na dakika 7 asubuhi roketi iliwashwa. Chombo kiliitwa Vostok. Gagarin alikuwa na miaka 27. Nyumbani aliacha mke na watoto wawili wa kike, na yule mdogo alikuwa na umri wa mwezi mmoja tu.

Hakuna mtu aliyejua kwa hakika kama atarudi. Mbwa kadhaa walikuwa wamerushwa kabla yake. Wengine walirudi wazima, wengine walikufa. Madaktari hawakujua kama akili ya mtu itabaki timamu katika hali ya kuelea bila uzito. Kwa hiyo vifaa vya kuongozea chombo kwa mkono vilifungwa kwa tarakimu za siri. Tarakimu hizo ziliwekwa katika bahasha ndani ya chombo. Mtu mwenye akili timamu angeweza kuifungua na kuzitumia.

Chombo kilikwenda kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa lingehitaji karibu siku 21, usiku na mchana bila kusimama, kuzunguka dunia. Gagarin alikula, akanywa, akaandika, akaeleza kwa redio aliyoyaona. Aliiona dunia ikiwa mviringo, yenye ukanda wa buluu pembeni.

Saa 4 na dakika 25, karibu na pwani ya Angola, injini ya kupunguza mwendo iliwaka. Chombo kilianza kushuka huku kikivuka anga ya Afrika kuelekea kaskazini mashariki. Hapo hatari ilitokea. Sehemu mbili za chombo zilipaswa kuachana, lakini nyaya zilizishika. Chombo kilizunguka ovyo kwa dakika kama kumi. Mwisho nyaya ziliungua, zikakatika. Nje ya dirisha Gagarin aliona moto. Hakutaharuki.

Alipofika kilomita 7 kutoka ardhini alirushwa nje pamoja na kiti chake, akashuka kwa mwavuli. Alitua shambani, si mbali na Saratov, mji ule ule alikojifunza kuruka. Watu wa kwanza kumwona walikuwa mwanamke mkulima na mjukuu wake, waliokuwa wakipanda viazi. Waliogopa walipomwona mtu mwenye nguo za rangi ya chungwa na kofia kubwa nyeupe. Yeye aliwatuliza. Safari yote ilichukua dakika 108.

Kwa miaka mingi serikali yake ilificha habari ya mwavuli. Kanuni za wakati huo za kuandika rekodi za dunia zilitaka rubani atue akiwa ndani ya chombo chake. Ukweli ulijulikana baadaye. Haukuipunguza kazi aliyoifanya.

8. Wale wengine

Titov aliruka tarehe 6 Agosti 1961. Alizunguka dunia mara 17, kwa muda wa zaidi ya saa 25, akiwa hajatimiza miaka 26. Alikuwa mtu wa kwanza kulala usingizi katika anga za juu. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya Gagarin. Lakini watu wengi hulijua jina la wa kwanza tu.

Nikolayev, Popovich na Bykovsky nao waliruka kwa zamu zao. Nelyubov, aliyekuwa wa tatu katika mtihani, hakuruka kamwe. Mwaka 1963 yeye na wenzake wawili waligombana na askari wa doria walipokuwa wamekunywa pombe. Alitakiwa kuomba radhi, akakataa. Wote watatu walifukuzwa. Picha yake ilifutwa katika picha za kundi. Alikufa kwa kugongwa na treni mwaka 1966. Alama zake zilikuwa za juu, lakini hazikuweza kumlinda.

Kati ya wale 20 wa kwanza, 12 waliruka. Wanane hawakuruka.

9. Uzito wa kuwa wa kwanza

Gagarin alipandishwa cheo kutoka luteni mwandamizi hadi meja akiwa bado angani. Alitembelea nchi nyingi. Umati wa watu ulimpokea kila mahali. Lakini yeye alikuwa rubani, na rubani hutaka kuruka. Serikali iliogopa kumpoteza mtu mashuhuri kama yeye. Hivyo yule aliyekuwa wa kwanza kuruka akawa wa mwisho kupewa ruhusa.

Hakukata tamaa. Alirudi darasani na kusomea uhandisi wa ndege. Aliwafundisha wanaanga wengine. Mwaka 1967 aliwekwa kuwa wa akiba wa rafiki yake, Vladimir Komarov. Sasa alikuwa mahali alipokuwa Titov zamani. Chombo cha Komarov kilikuwa na kasoro nyingi. Miavuli yake haikufunguka vizuri, na Komarov akafa alipokuwa akirudi. Baada ya msiba huo Gagarin alikatazwa safari za anga za juu.

Mwezi Februari 1968 alipata shahada yake ya uhandisi. Alianza tena kurusha ndege, akitaka kurudisha ustadi wake. Tarehe 27 Machi 1968 aliruka pamoja na mwalimu wake, Vladimir Seryogin, katika ndege ya mafunzo. Ndege ilianguka katika msitu, mashariki ya Moscow. Wote wawili walikufa. Gagarin alikuwa na miaka 34. Chanzo cha ajali hiyo kimebishaniwa kwa miaka mingi.

Mji wa Gzhatsk ulipewa jina lake mwaka huo huo. Majivu yake yamewekwa katika ukuta wa Kremlin, mjini Moscow.

Maana ya maneno

Daraja: kiwango anachopewa mtu baada ya kupimwa.
Kalibu: chombo cha kumiminia chuma kilichoyeyuka ili kipate umbo.
Mwanaanga: mtu anayesafiri katika anga za juu.
Wa akiba: mtu aliyewekwa tayari kushika nafasi ya mwingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Yuri alisoma wapi alipokuwa akifanya kazi kiwandani?
2. Kwa nini alishindwa kutua vizuri, na alisaidiwa namna gani?
3. Rubani mwanafunzi hupimwa katika mambo gani matatu?
4. Kwa nini Titov aliwekwa kwa safari ya pili? Je, alitendewa haki?
5. Nelyubov alipoteza nafasi yake kwa sababu gani?
6. Katika kijiji chenu, mnapomchagua mtu kwa kazi muhimu, mnatazama nini: elimu yake, ustadi wake, au tabia yake? Toeni mifano.